Viini Vilikwenda Wapi

Saa mbili asubuhi boti inatema wageni gatini,
kumi na watano, kofia mpya, shingo zinang'aa mafuta ya jua.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
na kupona kwetu kuna bei, imepakwa rangi kwenye bati:
mzunguko mmoja, saa moja, watu wawili na mtoto.
Mimi ni Norhasyimah, namba tisa,
pikipiki yangu ina kitoroli ubavuni na mwavuli wa maua.

Penyengat utaimaliza kabla chai yako haijapoa.
Jina lake ni la nyigu.
Mabaharia walishuka kuteka maji matamu,
wakarudi mashuani nyuso zimevimba,
na jina likabaki,
ingawa nyigu wenyewe siku hizi ni wa kutafuta.

Kwanza makaburi. Nazima injini, nashusha sauti.
Hapa kalala malkia aliyeposwa kwa kisiwa,
mahari yake ndiyo hii ardhi mnayoikanyaga.
Mama mmoja wa Surabaya akamgeukia mumewe:
"Mimi ulinipa msala na shuka ya kusalia."
Mume akajifanya anasoma kibao.
Kitambaa cha manjano juu ya jiwe kilibadilishwa Ijumaa,
mikunjo ya dukani bado haijanyooka.

Halafu bohari ya baruti, kuta unene wa mkono mzima,
leo ndani mna popo na kopo la soda.
Halafu jumba lisilo na paa,
mizizi imeingia madirishani bila hodi
na maharusi hulipa kupigwa picha.

Msikiti nauweka mwisho, kama mnofu wa pilau.
Manjano, kingo za kijani.
Kuba kumi na tatu, minara minne:
jumlisheni, nasema, nao wanajumlisha kwa vidole,
kumi na saba, rakaa za kutwa.
Ndani ya sanduku la kioo, msahafu wa mkono;
mahali pengine wino umeila karatasi,
yamebaki matundu yenye umbo la aya.

Kisha hadithi yenyewe, ile waliyoivukia bahari:
wazee wanasema mayai yaliletwa kwa mashua,
sadaka ya chakula cha mafundi,
mengi hata mafundi wakayachoka,
ute ukachanganywa na chokaa,
na ukuta huu, gusa, umeshikwa na ute wa mayai.
Wanagusa. Kila mtu hugusa. Pamelainika pale.

Mtoto wa yule mama, Fathir, kandambili moja mkononi:
"Na viini vilikwenda wapi?"

Miaka kumi na miwili niko zamu.
Nimeulizwa choo, nimeulizwa mtandao,
nimeulizwa sultani alikuwa na wake wangapi.
Kiini sijaulizwa.
Kumbe miaka yote nauza ute.

"Vililiwa," nikasema.
"Na nani?"

Nyuma ya shule, penye majani ya kufika kiunoni,
kituo kisichokuwamo kwenye bati,
kuna mawe: la mviringo mwanamume, la bapa mwanamke,
hayana jina, hayana kitambaa.
Mama mkwe wangu huyaita watu wa chokaa,
naye hakuambiwa kwa nini.
Labda hawa, nikamwambia mtoto. Siapi.
Akayapitia moja moja, midomo ikicheza,
kama muuza duka anayehesabu trei.
"Walishiba?"

Gatini honi ilikuwa ikilia.
Baba mtu akanilipa ileile ya kwenye bati,
kisha akarudi hatua mbili, akaniongezea, asiseme ya nini.

Kesho yake, mbele ya ukuta, nikasema yaleyale:
mashua, mayai, chokaa, ute.
Nikanyamaza
kadiri ya mtu kumeza tonge,
nikiwatazama usoni mmoja mmoja.

Wakagusa ukuta.